Hana: jina la neema linalosikika kama upungufu

Wazee shikamooni. Vijana, na hasa ninyi mnaotarajia mtoto wa kwanza, karibuni sana.

Tuanze na nyumba ya Elkana, katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 1. Bwana huyu ana wake wawili. Ukiisimulia habari yao kwa wakati uliopo, utajikuta unasema hivi: Penina ana watoto, Hana hana. Sikio la Kiswahili linapokea neno moja mara mbili, la kwanza jina, la pili upungufu. Na sisi ni watu tunaosema jina huumba. Hapo ndipo wazazi wengi hapa Mwanza wanaposita, wakalipenda jina lakini wakaliogopa.

Hofu hiyo haina msingi katika Kiebrania. Huko jina hili huandikwa kwa herufi tatu: het, nun, he. Het ni ile ha inayotoka kooni. Aliyesoma Kurani ataitambua mara moja, maana ni ndugu wa ha ya mwanzo wa jina Hasani. Na mkazo wa Kiebrania uko mwishoni, ha-NA, wakati sisi tunakaza silabi ya kwanza, HA-na. Kwa hiyo hata kwa sauti, jina hilo na kitenzi chetu ni wageni kabisa; wamekutana njiani tu. Mzizi wake unabeba maana ya kufadhili, kumtendea mtu mema asiyoyadai. Kutoka mzizi huohuo linapatikana neno hen, yaani neema au kibali. Ndilo neno lililotumika katika Mwanzo 6:8, Nuhu alipopata neema machoni pa Mungu.

Sasa rudini kwenye Samweli, mstari wa 18. Hana ameomba kule Shilo, midomo inatikisika, sauti haitoki, kuhani Eli akamdhania amelewa. Baada ya kuelewana, mama huyu anamwambia Eli kwamba anaomba kupata kibali machoni pake. Kwa Kiebrania, neno hilo la kibali ni hen. Hana anaomba hen! Msikilizaji wa kale alilisikia jina lake ndani ya ombi lake. Kiswahili hakina namna ya kuubeba mchezo huo wa maneno, nasi tunaupita bila kuuona. Nayo habari yake haikuishia kwenye uchungu: alimpata Samweli, kisha sura ya 2 mstari wa 21 inamhesabia wana wengine watatu na mabinti wawili. (Penina naye asidharauliwe. Jina lake linahusiana na marijani, vito vile vya Mithali 31.)

Hana aligeukaje Anna? Wayahudi walipotafsiri maandiko yao kwa Kigiriki, hawakupata herufi ya kuandika het. Wakaiacha, ikabaki Anna, na Kilatini kikaipokea hivyo. Ndiyo maana Biblia yetu ina Hana katika Samweli lakini Ana katika Luka 2:36, yule nabii mjane binti Fanueli. Ni jina moja lililopita njia mbili. Na kwenye ufuko wetu wa ziwa njia zote mbili zilifika: mapadri wa Kikatoliki walianza Bukumbi mwaka 1883 na Kilatini chao, pamoja na heshima ya Mtakatifu Anna, mama wa Bikira Maria, anayekumbukwa Julai 26. Upande wa Nassa, Waprotestanti walileta usomaji wa Biblia nyumbani, na humo Hana wa Samweli anakutana na msomaji moja kwa moja.

Ukoo wa jina hili ni mpana kuliko tunavyodhani. Anneth ni Anna aliyepitia Ufaransa. Yohana ana mzizi huohuo, maana yake Mungu amefadhili, na kwa Yohana tunawapata Joana, Jane na Janeth. Katika Surat Maryam, aya ya 13, Yahya, ambaye ndiye Yohana, anatajwa kupewa hanan, huruma itokayo kwa Mungu: mzizi uleule, upande wa Kiarabu. Lakini Anastazia hayumo. Huyo ni Mgiriki, na jina lake ni ufufuko. Susana ni ua. Hanifa ana mzizi mwingine.

Kupendwa kwake hupanda na kushuka. Marekani, Anna lilikuwa la pili kwa wasichana mwaka 1880. Hannah nalo likashika nafasi hiyohiyo kuanzia 1998 hadi 2000. Kwetu, Anna ndilo lililotangulia kuzoeleka: Anna Makinda alikuwa Spika wa Bunge tangu 2010 hadi 2015, na Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba ng'ambo ya ziwa, aliongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa. Wazazi wanaotaka maana ieleweke bila maelezo huchagua Neema, na hawakosei.

Kinachowaumiza mabinti ni maandishi. Hana, Hanna, Hannah, Ana, Anna: kwa mdomo hatuzitofautishi sana, ila kwa kompyuta ni watu watano. Kliniki wanaandika Ana, kanisani Anna, shuleni Hanna, na binti anapofika kuomba kitambulisho cha taifa au mkopo wa chuo, karatasi hazisemi jina moja. Hapo zinaanza safari za kiapo kwa wakili. Cheti cha ubatizo hakichukui nafasi ya cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo kukimbilia cha kanisa hakusaidii. Kubalianeni tahajia kabla mama hajaenda kujifungua, iandikeni kwa herufi kubwa kwenye karatasi mtakayobeba, na mlisome tangazo la kizazi herufi kwa herufi kabla ya kuondoka hospitali. Usajili ufanyike ndani ya siku 90. Mkichagua Hannah, ihesabuni pia ile h ya mwisho, maana ndiyo inayosahaulika kwanza.