Sheria Inapolaani na Jirani Hailaani

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za mchana.

Mwaka 1893 Mfaransa Émile Durkheim, mtaalamu wa elimu ya jamii, aliandika kwamba tendo huwa kosa kwa sababu jamii inalilaani. Serikali nayo inaweza kulaani kwa kalamu tu. Mwaka 1983 ilipotungwa sheria ya Nguvu Kazi, kijana asiye na kitambulisho cha kazi alikamatwa mitaani Dar es Salaam na kupelekwa vijijini. Jana hana kazi, leo ana kosa.

Lakini ikiwa serikali inalaani na majirani hawalaani, itakuwaje? Kwa swali hilo sisi wa Dodoma na Singida tuna jambo la kusema, na mnisamehe wazee nikilitaja waziwazi: ukeketaji.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilianza kuikemea mila hii. Miaka iliyofuata, kwa Wagogo na Wanyaturu, jina la lawalawa likatapakaa. Mtoto wa kike akiwashwa au akipata maambukizi sehemu za siri, ilisemwa ana lawalawa na dawa yake ni kukatwa. Ni maambukizi yanayotibika kwa usafi na dawa za zahanati. Ila tazameni kilichofanyika: mila iliyokatazwa ikavaa nguo ya tiba, na mama aliyempeleka mwanawe kwa ngariba akaonekana mzazi anayejali.

Mwaka 1998 ikaja Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18 aliye chini ya uangalizi wake anaweza kufungwa miaka 5 hadi 15. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote. Lakini visu havikuwekwa chini vyote. Vingine vilihamia kwa watoto wachanga. Hakuna ngoma, hakuna wageni, na mtoto hawezi kusimulia. (Binti aliyevuka miaka 18 sheria hiyo haimtaji kabisa, na hilo linaniuma.)

Sasa niambieni, kijijini mkaidi ni nani? Kwenye vitabu vya sheria ni ngariba. Kwa majirani ni yule mama aliyekataa: mama mkwe amemnunia, wenzake wanamteta kisimani, na binti yake anaambiwa hataolewa. Adhabu yake haina hakimu wala rufaa, na inaanza siku ileile.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tuongeze miaka ya kifungo tu. Tuanze na huyo mama. Muuguzi amwambie mama mkwe, mbele ya watu, kwamba mtoto amepona kwa dawa. Mwenyekiti wa kitongoji amtetee mkutanoni bila kungoja polisi. Wavulana mliokaa hapa mbele, ninyi ndio mnaosubiriwa kuoa: semeni leo, baba zenu wakiwasikia, kwamba mtamwoa binti ambaye hakukatwa.