Roho 30, Bando Sufuri

SALIM: Assalaam aleikum, na karibuni tena barazani. Mimi Salim. Tuko Kibokoni, Mombasa, ghorofa ya pili, na huo mvumo munaousikia ni feni. Tukiizima tutaiva, kwa hivyo mutuvumilie.

MARYAM: Mimi Maryam. Wiki iliyopita kaka Salim aliapa ataleta ile mashine yake ya gemu ya utotoni. Haya, iko wapi?

SALIM: Mashine ilikufa kitambo, mwana wa ami. Nimeleta mabaki: padi mbili, moja kifungo chake cha B kikizama hakirudi, na kaseti ya manjano. Hebu soma hapo kwenye karatasi.

MARYAM: "Gemu 9999999." Salim!

SALIM: Likizo moja tulikaa tukazihesabu. Zilipofika ishirini na kitu zikaanza kurudi zile zile, ila majina yamegeuzwa. Contra peke yake, ile ya askari wawili na bunduki, ilikuwamo mara nne. Ya kwanza waanzia mwanzo, ya pili waanzia kwenye maporomoko, na kadhalika.

MARYAM: Kwa waliozaliwa juzi: hiyo mashine ilikuwa nakala tu ya Famicom, mashine ya gemu ambayo Nintendo waliitoa Japani 1983. Famicom halisi mimi sijapata kuiona hapa mjini kwa macho yangu.

SALIM: Wala mimi. Na jina Nintendo hatukulijua. Tulikuwa twasema tivii gemu, yatosha.

MARYAM: Basi wiki hii nimeicheza Contra, mwanzo hadi mwisho. Nataka kusema kitu na usikasirike.

SALIM: Nishakasirika.

MARYAM: Zile ngome, hatua ya pili na ya nne, ambapo kamera iko mgongoni mwako na wapiga ukuta risasi mpaka upasuke, zachosha. Nimesinzia.

SALIM: Astaghfirullahi.

MARYAM: Lakini maporomoko! Hapo nimeinua mikono. Skrini yapanda juu pamoja na anayeruka mbele, na aliyebaki chini ikimpita, amekufa. Hakupigwa na adui. Ameuliwa na mwenzake mwenye pupa.

SALIM: Kakangu mkubwa aliniua hapo kila siku ya Mungu. Twaanza tukiwa ndugu, tukifika maporomoko hatujuani. Mama alikuwa asikia tu kelele, aja achomoa waya ukutani, na kwenye kaseti ile hakuna kuhifadhi. Mwanzo upya.

MARYAM: Ndipo mukahitaji zile roho 30.

SALIM: Kabla ya kuanza wabonyeza juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, wapewa roho 30. Niamshe usiku wa manane nitakutajia. Darasani kulikuwa na mtoto akiuza hiyo siri kwa mabuyu.

MARYAM: Asili yake waijua?

SALIM: Najua ni ya Konami, wenye Contra.

MARYAM: Kulikuwa na mtengenezaji wao, Kazuhisa Hashimoto. Mwaka 1986 alikuwa aihamishia Gradius, gemu ya chombo cha anga, kwenye Famicom, na gemu yenyewe ikamshinda. Hawezi kuimaliza ili aijaribu! Akajiwekea mlango wa nyuma apate silaha zote kwa mkupuo. Ukasahauliwa humo, ikauzwa nao. Alifariki 2020.

SALIM: Kumbe hata mwenye kuipika ilimuunguza. Mungu amrehemu.

MARYAM: Mario sitakaa nayo, kila mtu ashaisema. Ila hili moja: Super Mario Bros. ya 1985 yote, ngazi zake, muziki wake, ni kilobaiti 40. Ule ujumbe wa sauti aliokutumia shangazi asubuhi, wa kuuliza kama umekula, ni mzito kuliko Mario.

SALIM: Shangazi huanza na salamu za nyumba nzima.

MARYAM: Walibana mpaka wingu na kichaka ni mchoro mmoja. Juu wameupaka rangi nyeupe, chini kijani. Katazame tena.

SALIM: Ala! Miaka yote hiyo. Haya, tuje kwenye simu, maana vijana watatufungia. Pale kwa wachezesha pleistesheni Majengo sasa napita naona kila mtu ana simu, amelala upande, acheza PPSSPP.

MARYAM: Hiyo ni emuleta, programu inayojifanya mashine nyingine. Hii yajifanya PSP, ile ya mkononi ya Sony. Iko tangu 2012, ni bure, yakubali Android na kompyuta, na iPhone ikaruhusiwa 2024 Apple walipolegeza. Kwenye simu yangu hii ya kawaida yakimbia bila kukwama, na picha yatoka safi kuliko PSP yenyewe ilivyokuwa, kwa sababu unaweza kuiongezea ukubwa.

SALIM: Na gemu zake?

MARYAM: Hapo ndipo watu hujisahaulisha. Emuleta ni bure na halali, gemu si bure. Diski iwe yako, uinakili mwenyewe. Najua mjini kuna mafundi wakujazia kadi nzima kwa bei ya chai na mahamri, lakini hicho mimi sikipendekezi kwenye kipindi.

SALIM: Amesema Bi Maryam. Mimi nimenyamaza. Sasa hizi mpya za bure. Nianze na mpira, kwa sababu nina uchungu nao. Ile Pro Evolution tuliyokua nayo, ya kuweka shilingi mezani na foleni mpaka mlangoni, mwaka 2021 Konami waliibadilisha jina ikawa eFootball, na wakaifanya bure.

MARYAM: Na siku ya kwanza watu wakaona sura za wachezaji.

SALIM: Subhanallah. Macho huku, mdomo kule. Dunia nzima ilicheka. Wameirekebisha sana tangu siku hizo, nitawapa haki yao. Pasi zake bado ni tamu kuliko za mpira mwingine wowote wa simu. Lakini yataka intaneti, na timu yako waijenga kwa kuchota wachezaji kama bahati nasibu. Umtaka mshambuliaji, wapewa kipa wa tatu.

MARYAM: Na ukichoka kungoja, waonyeshwa pa kulipia.

SALIM: Kwetu yametokea, kwa gemu nyingine ambayo jina nitalimeza. Mpwa wangu, miaka tisa, aliazimwa simu na mamake "dakika tano tu". Shilingi 3,000 zilikwenda kwa sanduku la zawadi. Mlikuwa na kofia. Kofia ya kuvaa ndani ya gemu!

MARYAM: Ilikuwa nzuri?

SALIM: Ilikuwa nzuri, ndilo linaloniudhi. Mimi nakwambia, bao letu lina mashimo 32 na kete 64, na sijasikia mtu pale barazani akiuziwa kete ya dhahabu.

MARYAM: Usiziweke zote kapu moja. Fortnite, ile ya watu 100 kisiwani iliyoanza 2017, huuza nguo na madaha lakini nguo haikupi nguvu. Aliyelipa na asiyelipa wapigana sawa, na wa pleistesheni akutana na wa kompyuta na wa simu. Shida yake kwetu ni nyingine. Simu ya bei yetu yatoa moshi.

SALIM: Imepita. Nipe ya maskini.

MARYAM: Nimeingoja hiyo. Shattered Pixel Dungeon. Ni ya Android, bure, kwenye Steam, lile duka la gemu za kompyuta, na iPhone yauzwa. Ndogo, haina matangazo, na haihitaji intaneti. Mimi huicheza kila asubuhi kwenye feri ya Likoni, nimebanwa baina ya baiskeli na kapu la samaki, kidole kimoja chatosha, kwa sababu adui hasogei mpaka wewe usogee.

SALIM: Wafanya nini humo?

MARYAM: Washuka shimoni, ghorofa baada ya ghorofa, 26 zote, kufuata hirizi. Ukifa umekufa, na shimo lajipanga upya. Utamu wake uko kwenye dawa. Waokota chupa ya samawati, hujui ni nini. Yaweza kukuponya, yaweza kukuchoma. Na ukianza tena, rangi zimechanganywa, ujuzi wa jana haukufai.

SALIM: Kama dawa za nyumbani kwetu.

MARYAM: Juzi nimefika ghorofa ya tano, kuna donge jeusi laitwa Goo. Nikajipa akili, nikasimama majini nisichomeke. Kumbe maji yalikuwa yamponya yeye! Kila nikimpiga, ajijaza. Nikatoka majini, nikanywa chupa nyekundu kwa kukata tamaa, ikawa ni moto. Feri ishafunga, watu wateremka, mimi nimesimama na kilio. Mzee mmoja kaniuliza kama nimefiwa.

SALIM: Ukamwambia nini?

MARYAM: Nimemwambia ndiyo.

SALIM: Maryam, wewe! Sasa hiyo yacheza mtu peke yake. Mimi nataka ya kugombana.

MARYAM: Fungua simu yako. Nimekuwekea SuperTuxKart. Mbio za vigari, na msingi wake uko wazi, mtu yeyote aweza kuusoma na kuurekebisha. Iko Windows, Linux, Mac, Android. Madereva ni nembo za programu huru: pengwini wa Linux, joka wa KDE, yule mnyama wa GIMP.

SALIM: Naona hapa wana keki ya kumrushia mtu.

MARYAM: Na kizibuo cha choo. Ukikirusha nyuma chamganda mwenzako usoni, haoni barabara. Sitakudanganya, mizunguko yake haina ule ulaini wa Mario Kart, na kuna njia mbili tatu zilizochorwa kama mchoraji alikuwa na haraka. Lakini tangu 2019 wacheza kwa mtandao, na hata intaneti huihitaji. Mimi nawasha hotspoti, bando nimelizima, wewe waingia kwangu. Twachezea hewa.

SALIM: Hewa ya Mombasa ni ya moto, haya. Tuweke nini? Viazi karai?

MARYAM: Sahani mbili, na chatne ya ukwaju.

SALIM: Nachukua pengwini. Wewe wachukua nani huyo... Lo. Feni.

MARYAM: Stima imekwenda.

SALIM: Na mtaa mzima, sikiliza. Waifai nayo imekufa. Basi tena, wasikilizaji wetu, tutakutana...

MARYAM: Kaka, tazama skrini yako. Waniona?

SALIM: Nakuona. Wallahi bado uko.

MARYAM: Na kinasa sauti kina betri. Tatu, mbili...

SALIM: Ngoja, jasho, kidole chateleza...

MARYAM: Nishaondoka.

SALIM: Maryam! Nini hiki usoni mwangu? Sioni njia!