Chini ya Lami Kuna Hekalu: Meksiko na Malikale Zake

Hamjambo ndugu zangu huko nyumbani, karibuni tena. Haya magofu mnayoyaona nyuma yangu ni Templo Mayor, hekalu kuu la Waazteki, wenyeji waliotawala hapa kabla ya Wahispania, katikati kabisa ya Mexico City. Na lile pale ni kanisa kuu la enzi za Wahispania. Kati ya hapa na pale ni hatua chache tu, ila kisheria ni vitu viwili tofauti.

Sheria ya Meksiko ya mwaka 1972 imeyaweka mambo haya katika mafungu matatu. Kilichotengenezwa kabla ya Wahispania kuweka utamaduni wao ni cha akiolojia, na ni mali ya taifa. Hata kikiwa chini ya shamba lako mwenyewe, hukiuzi, na hakiwi chako hata ukae nacho miaka 50. Majengo muhimu ya karne ya 16 hadi ya 19 ni ya kihistoria: hayo unaweza kuyamiliki, kuyauza, kuyarithi, lakini huyagusi bila kibali cha INAH, taasisi ya taifa ya anthropolojia na historia iliyoundwa mwaka 1939. Fungu la tatu ni la sanaa, nalo lina taasisi yake.

Sikilizeni hili, maana ndilo ninaloliona la maana kuliko yote: kibali kinamhusu hata jirani. Ukitaka kuchimba msingi au kubomoa kando ya jengo la kihistoria, na kazi yako inaweza kulitikisa, unaomba ruhusa kwanza. Ukianza kimyakimya, kazi inasimamishwa.

Ukikuta kitu cha kale, unatoa taarifa kwa mamlaka ya kiraia iliyo karibu. Wao wanakuandikia hati ya kuthibitisha kwamba umetoa taarifa, kisha wana saa 24 kuijulisha INAH. Februari 1978, mafundi wa umeme waliokuwa wakichimba hapa hapa waligonga jiwe la duara lenye upana wa zaidi ya mita 3, limechongwa mungu wa kike Coyolxauhqui, viungo vyake vimekatwakatwa. Jiwe hilo ndilo lililofungua uchimbaji wa hekalu zima, na majengo 13 yakavunjwa ili kupisha uchimbaji huo. Kulinda nako kuna gharama, jamani.

Sasa tuje kwenye ukuta wenyewe, maana sheria haipigi lipu. Adui mkubwa hapa ni saruji. Kuta za zamani za mawe na matofali ya udongo hunyonya unyevu ardhini na kuutoa kupitia lipu ya chokaa. Fundi akipiga saruji kwa kuwa inakauka haraka, unyevu unakosa njia. Chumvi inaganda nyuma ya lipu, inatanuka, na jiwe linamomonyoka kama biskuti.

Dawa yake ni kuibandua saruji taratibu kwa tindo na nyundo ndogo, siyo mashine. Lowesha ukuta, kisha piga chokaa sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3, tabaka nyembamba nyembamba. Kila tabaka lifunikwe na kunyunyiziwa maji kwa siku kadhaa, kwa sababu chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta kaboni daioksaidi hewani. Likikauka upesi kwa jua hubaki unga. Na uzuri wake, ufa mwembamba ukitokea baadaye, maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo na kuuziba wenyewe.