Mercedes-Benz na Chanzo cha Heshima Yake

JABIRI: Karibuni wasikilizaji katika kipindi chetu cha historia ya magari. Mimi ni Jabiri, na niko na mwenzangu, Dada Rehema. Leo tunaizungumzia kampuni ya Ujerumani ambayo jina lake liliingia hadi katika siasa zetu, kwa kuwa miaka michache tu baada ya uhuru wananchi wa Afrika Mashariki walikwisha kuanza kuwaita Wabenzi wale wakubwa wa serikali na matajiri wapya waliokuwa wakipita barabarani katika magari yenye nyota ya ncha tatu. Tungependa kujua heshima hiyo ilitoka wapi, na kama bado ina msingi.

REHEMA: Ahsante, Kaka Jabiri. Nitautaja msimamo wangu mapema ili msikilizaji aupime anavyotusikiliza. Naamini kwamba heshima ya Mercedes-Benz ilijengwa na wahandisi na mafundi ambao wengi wetu hatuyajui majina yao, na kwamba ikulu na misafara ya viongozi ilikuja kuvuna shamba lililokwisha kulimwa.

JABIRI: Mimi nitakupinga kidogo, maana kuna mfanyabiashara mmoja ambaye bila yeye hata jina lenyewe lisingekuwapo. Lakini tuanze na mzizi.

REHEMA: Mzizi wenyewe ni miwili. Katika mji wa Mannheim alikuwapo Carl Benz, ambaye tarehe 29 Januari 1886 aliomba hataza namba 37435, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya gari linaloendeshwa kwa injini ya gesi. Lilikuwa na magurudumu matatu na injini ya silinda moja, na nguvu yake haikufika hata ya farasi mmoja. Mwaka huohuo, huko Cannstatt karibu na Stuttgart, Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach walifunga injini yao katika kigari cha kukokotwa na farasi. Walikuwa wakifanyia kazi katika banda la mimea kwenye bustani ya nyumba ya Daimler.

JABIRI: Na hapo anaingia mtu ambaye mimi namhesabu kuwa dereva wa kwanza wa safari ndefu duniani.

REHEMA: Bertha Benz, mke wa Carl. Kwanza tusisahau kwamba hata kabla ya ndoa yao sehemu ya mahari yake ndiyo iliyoiokoa karakana ya mchumba wake. Kisha mwezi Agosti 1888, bila kumuaga mumewe, alilitoa gari hilo yeye na wanawe wawili, Eugen na Richard, wakatoka Mannheim kuelekea Pforzheim alikokuwa akiishi mama yake, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kupitia njia zilizotengenezwa kwa ajili ya mikokoteni. Vituo vya mafuta havikuwapo popote, kwa hiyo walipofika Wiesloch alinunua katika duka la dawa kiowevu cha kusafishia madoa, ambacho ndicho kilichokuwa mafuta ya gari. Bomba la mafuta lilipoziba, alilizibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa umeme ulipochubuka, aliufunika kwa ukanda wa kushikia soksi. Breki za mbao zilipolika, alimwendea fundi viatu akaomba vipande vya ngozi vipigiliwe juu yake. Penye vilima vikali watoto walishuka wakasukuma, na aliporudi nyumbani alimweleza mumewe waziwazi kwamba gari linahitaji gia nyingine ya kupandia mlima, na gia hiyo ikatengenezwa.

JABIRI: Hayo matengenezo ya njiani ni kazi ya fundi kamili.

REHEMA: Ndiyo maana namweka mbele. Watu hupenda kumsimulia kama mke shujaa aliyemtangazia mumewe biashara, na ni kweli alimtangazia, lakini alichokifanya barabarani kilikuwa majaribio ya kwanza ya gari katika mazingira halisi. Alirudi na orodha ya kasoro, nazo zikarekebishwa.

JABIRI: Sasa niruhusu nimlete mtu wangu, Emil Jellinek. Alikuwa mfanyabiashara wa Austria aliyekuwa akiishi Nice, kusini mwa Ufaransa, mahali ambapo matajiri wa Ulaya walikwenda kukaa majira ya baridi. Alinunua magari ya Daimler, akawauzia marafiki zake wenye fedha, na katika mashindano alijiandikisha kwa jina la bandia la Mercédès, ambalo lilikuwa jina la binti yake aliyezaliwa mwaka 1889. Mwezi Machi 1900 dereva mmoja wa Daimler, Wilhelm Bauer, alikufa katika mashindano ya kupanda mlima kwenda La Turbie. Magari ya wakati ule yalikuwa marefu kwenda juu, mafupi kwenda mbele na mazito upande wa juu, na kwenye kona kali yalikuwa hatari. Jellinek hakuacha kununua, bali alidai gari jipya lililo pana zaidi, refu zaidi, lililoshuka chini na lenye nguvu zaidi, akaagiza magari 36 kwa mkupuo mmoja kwa maki za dhahabu 550,000, fedha ya Ujerumani ya wakati ule, kwa sharti kwamba gari hilo liitwe Mercedes.

REHEMA: Na Maybach ndiye aliyelibuni.

JABIRI: Maybach ndiye aliyelibuni, sikatai. Lilikuwa na nguvu za farasi 35, fremu ya chuma iliyoshuka karibu na ardhi, na rejeta yenye vijitundu vingi kama sega la nyuki, ambayo ilipoza injini kwa maji machache kuliko zamani. Katika wiki ya mashindano ya Nice ya Machi 1901 liliwaacha wapinzani wote nyuma. Kuanzia hapo gari lilipata umbo tunalolifahamu hadi leo, yaani injini mbele chini ya boneti, rejeta usoni, dereva nyuma ya usukani ulioinama. Mwaka 1902 jina la Mercedes likasajiliwa, na mwaka 1909 ikasajiliwa nyota ya ncha tatu, ishara ya injini zitakazotumika nchi kavu, majini na angani. Kwa hiyo, Dada Rehema, aliyedai ubora alikuwa mteja tajiri. Mhandisi aliitikia.

REHEMA: Nakubali kwamba mteja alidai, na hoja yako ina uzito. Ila tazama alidai nini. Hakuomba viti vya hariri. Aliomba gari lisilopinduka. Dai hilo la kutopinduka linanisaidia mimi kuliko linavyokusaidia wewe, na tutalirudia tutakapofika mwaka 1997.

JABIRI: Tupite haraka katika muungano. Vita vya Kwanza vya Dunia na mfumuko wa bei wa Ujerumani vilizidhoofisha kampuni zote mbili, na tarehe 28 Juni 1926 ya Benz na ya Daimler ziliungana kuwa Daimler-Benz. Magari yake yakaitwa Mercedes-Benz. Mwaka 1936 wakatoa 260 D, mojawapo ya magari ya kwanza ya abiria ya dizeli kutengenezwa kwa wingi kiwandani.

REHEMA: Hapo hatuwezi kupita haraka, kwa sababu mtu anayeisifu historia ya kampuni hii akaruka miaka ya utawala wa Hitler atakuwa amesimulia nusu ya habari. Daimler-Benz ilitengeneza malori na injini za ndege za kivita, na magari yake makubwa ya wazi ndiyo yaliyowabeba viongozi wa Nazi katika magwaride. Kufikia mwaka 1944 karibu nusu ya watu waliokuwa wakifanya kazi katika viwanda vyake walikuwa wametumikishwa kwa nguvu, wakiwamo raia waliochukuliwa kutoka nchi zilizovamiwa, mateka wa vita na wafungwa wa kambi za mateso. Kampuni yenyewe ilikuja kukiri hayo na kuchangia mfuko wa Ujerumani wa kuwalipa walionusurika, lakini ilikuwa baada ya miongo kadhaa, na wengi walikwisha kufariki. Mimi naipenda kazi ya wahandisi hawa, na kwa sababu naipenda nataka msikilizaji ajue kwamba mikono iliyofanya kazi pale haikuwa yote mikono huru.

JABIRI: Ni haki kusema hivyo. Na katika kampuni hiyohiyo, mwaka 1939, aliajiriwa mhandisi ambaye kazi yake imewaokoa watu wasiohesabika.

REHEMA: Béla Barényi, mzaliwa wa Austria. Zamani watu waliamini kwamba gari salama ni gari gumu kila mahali, lisilobonyea hata likigonga ukuta. Barényi aliona kasoro ya imani hiyo. Gari lisipobonyea, nguvu yote ya mgongano huhamia kwa abiria, na mwili wa binadamu ndio unaobonyea badala ya chuma. Mwaka 1951 aliwasilisha hataza ya gari lililogawanywa sehemu tatu: chumba cha abiria kigumu katikati, na sehemu za mbele na nyuma zilizoundwa makusudi ili zikunjamane taratibu na kumeza nguvu ya ajali kabla haijamfikia mtu. Wazo hilo liliingia katika magari ya kuuzwa mwaka 1959, na mwaka huohuo huko Sindelfingen walianza kuyagongesha magari mazima mbele ya kamera, wakiyapima na kuyachambua.

JABIRI: Leo fundi wa bodi akilikuta gari limekunjamana pua yote na dereva ametoka mzima, huyo dereva anadaiwa shukrani na Barényi, liwe ni gari la kampuni yoyote.

REHEMA: Ndivyo. Mwaka 1978 wakishirikiana na kampuni ya Bosch waliweka katika S-Class, gari lao kubwa la anasa, breki za kielektroniki zinazozuia magurudumu yasigande, kiasi kwamba dereva anaweza kukanyaga breki kwa nguvu zote na bado akaukata usukani. Mifuko ya hewa ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1980.

JABIRI: Lakini mvuto hautokani na usalama peke yake. Mwaka 1963 ilikuja Mercedes 600, ambayo vioo vyake na hata viti vyake vilisogezwa kwa mfumo wa mafuta yenye mgandamizo, bila sauti. Rais Tito wa Yugoslavia alikuwa nayo, Papa Paulo wa Sita alitengenezewa ya kwake mwaka 1965. Kwa miaka yote hadi 1981 zilitengenezwa 2,677 tu. Gari la namna hiyo ndilo lililowafanya watu wa kawaida waione nyota ile wakasema, huyu ni mkubwa.

REHEMA: Wakasema hivyo, na kwetu walisema kwa uchungu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi wa Tanzania kumiliki hisa, kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba, na jina la Wabenzi lilibeba manung'uniko yaleyale ya mwananchi aliyeona uhuru unaendeshwa na wachache. Sasa lilinganishe gari hilo na lile linaloitwa W123 na wanaoyajua haya magari, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980. Hilo yalitoka takriban milioni 2.7. Toleo la dizeli la 240 D halikuzidi nguvu za farasi 72, halikimbii, na asubuhi ya baridi unageuza ufunguo, unasubiri kitaa cha njano kizimike baada ya silinda kupata joto, ndipo unapiga stata. Mlango wake ukiufunga unatoa sauti moja nzito na ya mkato. Ujerumani yalikuwa teksi. Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati yalikuwa teksi. Kuna dereva wa teksi wa Thesaloniki, Ugiriki, aliyeliendesha 240 D la kizazi kilichotangulia hilo, la mwaka 1976, kilomita milioni 4.6, akibadilisha injini mara kadhaa, na mwaka 2004 gari hilo likachukuliwa na makumbusho ya kampuni huko Stuttgart.

JABIRI: Kwa hiyo unasema teksi ndiyo iliyoipa limuzini, lile gari refu la wakubwa, heshima.

REHEMA: Nasema mnunuzi wa limuzini aliamini gari lake kwa sababu aliiona teksi ikifanya kazi kila siku mbele ya hoteli yake.

JABIRI: Basi nikukumbushe mwaka 1997 kama ulivyoahidi. Kampuni ilitoa gari dogo, A-Class, na waandishi wa gazeti moja la magari la Sweden walipolijaribu kwa kulikwepesha ghafla, kama dereva anavyomkwepa mnyama barabarani, likapinduka.

REHEMA: Likapinduka, na kampuni iliyozaliwa upya kwa gari lisilopinduka ikaaibika mbele ya dunia. Mwanzoni ilijitetea, kisha ikasimamisha uuzaji, ikabadilisha vyuma vya chini na kuweka katika kila A-Class mfumo wa kielektroniki wa kulizuia gari lisiteleze, ambao hadi hapo ulikuwa wa magari ya bei kubwa. Gari la bei nafuu likapata kinga ya gari la tajiri, na tangu mwaka 2014 kila gari jipya la abiria linalouzwa katika Umoja wa Ulaya ni lazima liwe nayo.

JABIRI: Na sasa? Mwaka 2022 kampuni ilitangaza kwamba itaelekeza fedha zake zaidi katika magari ya anasa ya juu kabisa na kupunguza aina za magari yake madogo. Mimi naona ni biashara ya busara, na Jellinek angeiunga mkono.

REHEMA: Mimi naona wanakosea. Ukiwauzia watu wachache sana, gari lako halipigwi jua, vumbi na mashimo na watu wa kila namna, na kasoro zake huzijui mapema. Jellinek aliagiza magari 36, lakini aliyeendesha kwa kilomita milioni kadhaa ni dereva wa teksi. Gari jipya la Mercedes-Benz likifika kwetu likiwa limetumika miaka kumi, fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Grogan, Nairobi, anahitaji kompyuta ili ajue tatizo liko wapi, na spea moja ya kielektroniki inaweza kugharimu kuliko injini nzima ya lile 240 D. Ningewaomba wahandisi wao watengeneze tena gari moja, hata likiwa la umeme, ambalo mwenye teksi anaweza kulinunua na fundi wake akalifungua.

JABIRI: Hilo tutaliachia wasikilizaji walijadili, hasa mafundi wanaotusikiliza. Katika kipindi kijacho tutamzungumzia Rudolf Diesel na injini yake. Ahsante sana, Dada Rehema.

REHEMA: Ahsante nawe, Kaka Jabiri.