Kurudi kwa Bwana Hupitia kwa Uliyemkosea

Bwana Yesu asifiwe. Bwana Yesu asifiwe tena.

Kaeni, jamani, na ninyi mliosimama mlangoni, huku mbele bado kuna nafasi. Mada mmeiona kwenye tangazo: kuhuisha imani iliyopoa. Walionisikia siku za nyuma wanajua nitakakoelekea. Nitalisema lile lile, kwamba kumrudia Bwana hupitia kwa yule uliyemkosea, kwa sababu bado hatujalifanya.

Hali yenyewe ya kupoa siielezi, kila aliyemo humu anaijua. Unasoma Neno, macho yanapita juu ya mistari na huoni kitu. Unaimba kwaya, sauti iko sawasawa, moyo uko kwenye marejesho ya kikoba. Unaombea chakula kwa maneno yale yale uliyoyatumia mwaka juzi. Hujamkana Mungu. Luka anasema Petro alimfuata Bwana kwa mbali, na wengi wetu tuko hapo: tunafuata, ila kwa mbali.

Kinachonisumbua ni ushauri tunaopeana. Mtu akikwambia amepoa, unamwambia twende kwenye mkesha, kuna mtumishi anakuja kutoka Dar es Salaam, ana upako. Tunakwenda. Tunalia, tunapiga kelele hadi sauti zinakauka, asubuhi tunarudi nyumbani macho mekundu. Baada ya wiki mbili tuko pale pale, tunatafuta tangazo la mkesha mwingine. Siupingi mkesha, nimekesha na nitakesha. Ninachosema ni kwamba ukitoka kwenye mkesha na yule mtu uliyemdhulumu bado hujamwendea, hujarudi popote. Umechoka tu.

Bwana alipoliandikia kanisa la Efeso, kanisa lenye bidii, lenye subira, linalowatambua mitume wa uongo, alilishitaki kwa jambo moja, kwamba limeuacha upendo wake wa kwanza. Kisha akawaagiza: "kumbuka ni wapi ulikoanguka, ukatubu, ukayafanye matendo ya kwanza." Kuanguka kwako kuna mahali. Kuna mwaka, kuna nyumba, kuna jina la mtu. Sisi tunatubu kwa jumla, tunamwambia Mungu atusamehe dhambi zetu zote, za kujua na za kutojua, na humo ndani ya hizo zote tunaificha ile moja tunayoijua vizuri sana.

Wazee mliopo hapa mmeuona Uamsho wa Afrika Mashariki, ule wa watu kutubu na kuungama, kwa macho yenu. Vijana mmebaki na wimbo, mnapiga makofi na Tukutendereza, wimbo wa Uamsho wa Kiganda, na hamjui ulitoka katika watu wa namna gani. Basi nisikilizeni.

Mwaka 1929, daktari mmishonari Mwingereza, Joe Church, alikuwa akihudumu Gahini, mashariki mwa Rwanda. Njaa kali ilikuwa imeipiga nchi, watu wanakufa, hospitali haitoshi, na yeye mwenyewe amekauka rohoni. Mmishonari! Mtu aliyeacha kwao ili aje kuhubiri. Akaenda Kampala kupumzika, na huko kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye nafasi yake katika jamii, Mkristo wa siku nyingi, ambaye naye alikuwa akisema kuna kitu kimepungua ndani yake na ndani ya Kanisa la Uganda. Wakakaa pamoja wakisoma Maandiko na kuomba. Hapo hapakuwa na mpagani hata mmoja. Wote wawili walikuwa wabatizwa, watumishi, watu wa kuheshimiwa, na wote wawili walikuwa na kiu. Daktari akarudi Gahini mtu mwingine.

Nsibambi alikuwa na mdogo wake, Blasio Kigozi, mwalimu pale pale Gahini. Januari 1936 Blasio alikwenda Kampala akiwa na mambo matatu ya kuyapeleka kwenye sinodi, mkutano mkuu wa kanisa. Kwanza, kwa nini kanisa limepoa na kufa? Pili, kwa nini watu wanaojulikana wazi kuwa wanaishi dhambini wanaruhusiwa kwenye Meza ya Bwana? Tatu, tufanye nini ili uhai urudi? Hakuwahi kuyasema mbele ya sinodi. Alishikwa na homa, akafa akiwa bado kijana. Lakini maswali yake yalibaki mezani, na mwaka 1937, Kanisa la Uganda lilipoadhimisha miaka 60, neno lililotangazwa kila mahali lilikuwa Zukuka, yaani Amka. Maswali hayo matatu ningependa yabandikwe kwenye mlango wa kanisa hili, hasa lile la pili, ambalo tunaliruka kwa sababu wanaoishi hivyo ndio wanaotoa ahadi kubwa siku ya mavuno.

Sasa nije kwa Festo Kivengere, na hapa nitakaa, mnisamehe.

Mnamkumbuka kama askofu wa Kigezi, mhubiri aliyezunguka dunia. Mimi nataka mumwone akiwa mwalimu kijana wa shule kule Rukungiri, kusini magharibi mwa Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Alibatizwa, alisomea ualimu, kisha akapoa kabisa. Pombe ikaingia. Uamsho ukafika kijijini kwao, watu wanatubu kila upande, yeye anawakwepa, anaona wanamwaibisha. Jumapili moja binti wa ndugu yake akasimama kanisani mbele ya watu akasema ana hakika leo Festo atarudi kwa Bwana. Mwalimu mzima, anatajwa na mtoto! Akatoka na hasira, akaenda kunywa.

Jioni anarudi nyumbani, njiani anakutana na rafiki yake, mwenzake wa starehe, anakuja kwa baiskeli mbio. Yule rafiki akasimama, akamwambia kwamba muda si mrefu amekutana na Yesu, na dhambi zake zimesamehewa. Hapo sikilizeni vizuri. Hakumhubiria. Hakumwambia na wewe uokoke. Alimwomba Festo msamaha kwa mambo waliyoyafanya pamoja, akayataja moja moja. Kisha akapanda baiskeli akaenda zake. Festo akabaki barabarani. Mahubiri alikuwa ameyasikia tangu utotoni na alijua jinsi ya kuyakwepa. Hili hakujua afanye nalo nini. Akaingia chumbani kwake, akapiga magoti, na usiku ule akamrudia Mungu.

Wengi hulimalizia hapo, tunasema haleluya, tunapokea mzungumzaji mwingine. Hapana, safari ya Festo ndiyo kwanza inaanza. Kulikuwa na mmishonari mmoja Mwingereza ambaye Festo alikuwa akimchukia. Bwana akamwonyesha moyoni kwamba yule sasa ni ndugu yake, na kwamba yampasa kumwendea. Festo akachukua baiskeli. Maili 50. Wale wanaoijua Kigezi wanajua vilima vya kule, unashuka ukipumzika kidogo, halafu unapanda ukiisukuma baiskeli kwa mkono. Maili 50 mwendo wa kwenda tu, ili akabishe hodi kwa mzungu, enzi za ukoloni, amwambie: nilikuchukia, nisamehe.

Alikuwa na muda wa kutosha wa kugeuza ile baiskeli. Angeweza kusema nimeshaungama kwa Mungu, yatosha. Angeweza kusema, na kwa haki kabisa, huyu mzungu naye ana makosa yake, aanze yeye. Alifika. Na miaka michache baadaye Festo huyo huyo akaja hapa kwetu Dodoma kufundisha, na baadhi ya wazazi wenu walikaa darasani mwake.

Na sisi, jamani? Yule tuliyemkosea hayuko maili 50. Yuko benchi la tatu kutoka lako. Yuko chumba cha pili, ni mke wako. Namba yake iko kwenye simu iliyo mkononi mwako sasa hivi.

Najua mnachojibu moyoni, nimejibiwa hivyo mara nyingi. Mmoja anasema, dhambi ni kati yangu na Mungu. Sawa, basi Zakayo alihitaji nini kumrudishia aliyemnyang'anya mara nne? Yesu alikuwa amekaa mezani kwake, angemwambia yamekwisha. Ila wokovu ulipoingia nyumba ile, pesa zilitoka. Ndivyo ilivyokuwa kwa hawa Wandugu wa Uamsho. Mtu akiokoka, alirudisha jembe, alirudisha kitambaa alichokichukua bohari ya misheni, alilipa deni ambalo mdai alikwisha kulisahau. Ukimuuliza mtu wa kijiji asiyekwenda kanisani, huu uamsho ni wa kweli? alikuwa na jambo la kukuonyesha.

Mwingine anasema, kuungama hadharani kumevunja ndoa za watu. Ni kweli, na hapo nitakuwa mkali. Kuna waliosimama mbele ya mkutano wakataja uzinzi wao pamoja na jina la mwenzao, na mwenzao yuko pale na watoto wake. Hiyo siyo kuileta dhambi nuruni, ni ukatili. Kosa likijulikana na mtu mmoja, ungama kwa huyo mmoja. Likijulikana na kanisa zima, kama mhazini aliyekula fedha za ujenzi, basi kanisa zima lisikie. Na kama kumwendea mtu kutamletea hatari yeye, au mtoto, ongea kwanza na mchungaji. Aliyepigwa au kunajisiwa hana deni la kumfuata aliyemtenda hivyo. Hilo liingie masikioni mwa wazee wa kanisa wanaopenda kuwaambia kina mama warudi nyumbani wakasameheane.

La tatu ni gumu kuliko yote, na vijana wa chuo ndio wanaoniuliza. Wananiambia: Mzee, Gahini iko Rwanda. Uamsho ulianzia Rwanda. Mwaka 1994 watu waliuawa ndani ya makanisa, Ntarama, Nyamata, Nyarubuye, na wauaji walikuwa wamebatizwa. Uamsho wenu ulifanya kazi gani?

Silikwepi. Kulikuwa na Wakristo waliokataa kutenganishwa na ndugu zao wa kabila jingine, wakafa pamoja nao, kama vile Wandugu wa Kikuyu kule Kenya walivyokataa viapo vya Mau Mau miaka ya 1950 na wakauawa kwa kukataa. Lakini siwezi kusimama hapa nikawatumia hao kuifunika aibu. Ninachokiamini ni kwamba watu walijifunza kuungama dhambi ndogo. Nilisema uongo, Bwana asifiwe. Nilikasirika na jirani, Bwana asifiwe. Ile kubwa, ya kumwona mwenzako si mtu kwa sababu ya kabila lake, haikuwekwa nuruni, kwa kuwa wote waliokaa kwenye ushirika walikuwa nayo na hakuna aliyemshtua mwenzake. Wimbo ulibaki, ushuhuda ukawa desturi. Nawaambia haya kwa hofu, maana nasikia tunavyozungumza kuhusu watani wetu, kuhusu dini ya jirani zetu, kuhusu wasichana wa kazi tunaowalaza jikoni. Nani ameungama hilo? Sijawahi kulisikia likitajwa katika sala ya toba humu ndani.

Muda unanibana, naona mwenyekiti anaangalia saa. Nilikuwa na mambo mengine mawili, nitayapitia haraka.

Si kila aliyepoa ameficha dhambi. Wengine wamechoka, wengine wamezika mtoto. Eliya alipolala chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakumkemea wala hakumtaka atubu. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji, akamwacha alale, akamletea tena. Mama aliyefiwa asipokuja kanisani miezi sita, msimwandikie barua ya onyo. Mpelekeeni uji. Kaeni naye, mfue nguo, mwondoke bila kumhubiria. Hili lilistahili mhadhara wake peke yake.

La pili, tafuteni watu wawili au watatu, si kundi la WhatsApp la watu mia mbili, wanaoweza kukuuliza swali na wewe ukalijibu kweli. Jumuiya zetu zilianzishwa kwa ajili hiyo, sasa zimekuwa mahali pa kukusanyia michango. Kuhusu Neno na sala ya nyumbani mchungaji amefundisha mwezi mzima, sirudii.

Sasa, nimezungumza na mchungaji na ameridhia. Wakati huu kwa kawaida ndipo tungepitisha sadaka. Mathayo 5 inasema ukiwa madhabahuni na ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, uende kwanza. Basi vikapu vitakaa pale mbele, havitapita. Tunasimama kwa nusu saa. Mwenye mtu wake humu ndani amfuate, watoke wakae kule nje chini ya mwarobaini. Mwenye mtu wa mbali apige simu, au aanze safari, tutamwelewa asiporudi. Wazee wawili wako chumba cha sakristia kwa anayehitaji ushauri kabla ya kwenda. Kwaya, msiimbe kwanza. Watu waongee.