Umeme Unajua Kusoma Ubao

NALONGO: Karibuni tena. Afande ameingia na karatasi yake.

AFANDE: Hoja tano za kuamua mabishano ya chesi mtandaoni. Leo tunazimaliza zote.

NALONGO: Tutaona. Kwanza ya Jumamosi. Nilikuwa mwamuzi wa mashindano ya mtandaoni, raundi ya nne, dakika 10 na nyongeza ya sekunde 5 kwa kila hatua. Mchezaji ana malkia mzima zaidi ya mwenzake, mara anapotea mtandaoni. Mpinzani akaletewa kitufe cha kudai ushindi, akabonyeza. Baadaye ujumbe WhatsApp: "Mwamuzi, umeme umekatika mtaa mzima."

AFANDE: Huyu alikuwa anashinda? Basi ni wa kweli. Umeme ninaoujua mimi hukatika upande wa anayeshindwa. Unajua kusoma ubao.

NALONGO: (anacheka) Tuanze na kitufe. Lichess, tovuti tunayochezea, inampa aliyebaki nafasi ya kudai ushindi au kukubali sare. Kanuni zako zisipokigusa, aliyebonyeza hana kosa. Kwa hiyo iandikwe kabla ya raundi ya kwanza: mpinzani akipotea, usibonyeze, acha saa iende mpaka iishe. Hapo aliyepotea ana muda wake wote wa kurudi.

AFANDE: Hiyo ni hoja yangu ya kwanza, umeniibia. Ushahidi je?

NALONGO: Pakua rekodi ya mchezo, ina saa iliyobaki baada ya kila hatua. Mtu aliyekuwa anacheza kwa sekunde tano tano, akasita dakika mbili mbele ya hatua iliyompotezea ngome, ndipo "mtandao" ukapotea, huyo namuuliza maswali. Halafu naangalia Zoom. Kama mchezo umekatika na uso wake bado unapepesa macho kwenye Zoom, mtandao upo.

AFANDE: Isipokuwa Zoom iko kwenye simu yenye bando lake na mchezo uko kwenye kompyuta yenye rauta.

NALONGO: Ndiyo maana unauliza mapema nani anatumia nini, unaandika. Kisha hesabu mbao. Ubao mmoja ukikatika, ni shida ya mchezaji. Zikikatika za Gulu, Mbarara na Jinja dakika ile ile, ni seva: simamisha raundi. Zikikatika mbili za mtaa mmoja, ni umeme.

AFANDE: Na umeme ni wa kuandaliwa! Tena watu wanaandaa nusu. Mtu ananunua betri ya rauta, giza linaingia, rauta inawaka taa zote, intaneti hakuna. Kwa nini? Kile kisanduku kidogo cha faiba ukutani kimezimika. Vifaa ni viwili, vyote vinataka umeme.

NALONGO: Tumeshaondoka kwenye karatasi.

AFANDE: Subiri. Geuza rauta, soma kibandiko cha chini. Nyingi ni volti 12, ampea 1 hadi 2. Volti zilingane kabisa, ampea za betri ziwe sawa au zaidi. Pini nazo: kipenyo cha nje 5.5 milimita, lakini tundu la ndani lipo la 2.1 na la 2.5. Likikosea, plagi inacheza, rauta inajizima na kujiwasha, halafu unamlaumu mwamuzi.

NALONGO: Na pawabenki ya simu?

AFANDE: Hiyo inatoa volti 5, unahitaji waya wa kupandisha hadi 12. Yenye mAh 10,000 ina kama wati-saa 37. Toa zinazopotea njiani, baki na 28 hivi. Rauta inayokula wati 7 inakwenda saa nne. Ukiongeza kisanduku cha faiba, gawanya upya.

NALONGO: Wa shilingi kidogo afanye hivi: simu iwe na bando la mtandao mwingine, si ule wa rauta, na iwe imeingia kwenye akaunti ile ile. Kompyuta ikizimika, fungua mchezo kwenye simu, unaendelea pale pale. Jaribu siku moja kabla, saa ikiwa inakwenda, ujue inachukua sekunde ngapi.

AFANDE: Ila umeme ukikatika muda mrefu, betri za mnara wa simu nazo huisha. Umeme ukishaamua kuwa umeshindwa...

NALONGO: Acha umeme! Kesi yangu. Mbao mbili za mtaa ule zilikatika dakika ile ile. Mimi nasema mchezo urudiwe kutoka pozisheni ile ile.

AFANDE: Hapana.

NALONGO: Inawezekana. Unafungua mchezo wa kirafiki kutoka pozisheni. Saa zitaanza sawa kwa wote, kwa hiyo anzisha na muda wa yule aliyebakiwa na mdogo, kisha huyo mwenye mdogo amwongezee mwenzake sekunde 15, 15, mpaka tofauti irudi. Matokeo hayaingii kwenye jedwali la tovuti; unaweka jedwali lako pembeni.

AFANDE: Na ile nusu saa katikati? Wote wawili wana simu, wote wana programu ya kuchambua. Mchezo uliosimama bila mwamuzi mlangoni umeshakufa. Kitufe kilibonyezwa, ameshindwa.

NALONGO: Na malkia mzima? Nampa ushindi mimi mwenyewe.

AFANDE: Watu hupoteza malkia kila siku! Angalia Olimpiadi ya chesi ya mtandaoni ya 2020. Robo fainali, Mwarmenia anakatikiwa dhidi ya India. Rufaa ikakataliwa, Armenia ikajitoa kwa hasira. Fainali, tarehe 30 Agosti, Wahindi wawili wanakatikiwa dhidi ya Urusi, saa zinaisha. Dvorkovich, rais wa FIDE wakati huo, yaani shirikisho la chesi duniani, akatoa dhahabu kwa wote wawili. Armenia waelewe nini?

NALONGO: Waelewe kwamba siku ya fainali intaneti ilitetereka duniani. Kwa Armenia rufaa ilimhusu mchezaji mmoja. Ni hesabu ile ile ya mbao.

AFANDE: Urusi ilicheza hatua zake ndani ya saa zake. Kosa lake liko wapi?

NALONGO: Halipo. Na la Wahindi liko wapi?

AFANDE: Saa.

NALONGO: Afande, Januari 2021 mtandao ulizimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi. Kungekuwa na mashindano siku ile, ungewaandikia Waganda wote sifuri?

AFANDE: Hiyo ni nchi. Wewe unaniletea mtaa.

NALONGO: Mtaa ni nchi ndogo.

AFANDE: Sikubali.

NALONGO: Wala mimi. Na tumebakiwa na dakika moja.

AFANDE: Hoja nne zangu?

NALONGO: Chagua moja.

AFANDE: Haraka. Mimi nina mfalme na askari mmoja, wewe mfalme na farasi, saa yangu inaisha. Lichess inakupa ushindi, kwa sababu kuna njia, hata ya kijinga, ya farasi kunifunga. Chess.com inaandika sare. Kwa hiyo tangazo litaje tovuti na litaje kanuni, la sivyo...

NALONGO: Muda, Afande.

AFANDE: Nakata rufaa.

NALONGO: Iandike, ndani ya dakika 15, kwa mtu ambaye si mimi. Jumamosi raundi ya tano ni saa nane mchana, ingieni saa nane kasorobo tukague nani yuko kwenye rauta na nani yuko kwenye bando.