Mmeenda China, Mkarudi na Chupa ya Chai?

DEO: Tumerudi. Na leo nikisema tumerudi nina maana, kwa sababu mwenzenu huyu alitukimbia tangu shule zilipofungwa. Mwalimu, karibu nyumbani.

ZUHURA: Ahsante. Bado nasinzia saa kumi na mbili jioni na saa nane usiku macho makavu, lakini nipo.

DEO: Wasikilizaji, nina karatasi hapa. Mafunzo matano ya kuzunguka China na mwenza wako mkiwa na mashanta tu mgongoni, likizo ya Desemba. Nimeyaandika vizuri, yana namba. Ila Zuhura kaingia studio na kisa cha Jumapili, na mimi nimemwambia asikimalize mpaka tuwashe maiki.

ZUHURA: Jumapili mama mkwe kaja na mawifi zangu kutupokea. Tumekula, tumeshiba, hakuna anayeuliza safari ilikuwaje. Mama anachungulia koridoni. Anachungulia nyuma ya kochi. Mwisho kaniita jikoni, kwa upole kabisa: "Mwanangu, kontena linafika lini?"

DEO: [anacheka] Kontena!

ZUHURA: Nikamwambia mama, hakuna kontena, tulikwenda kutembea. "Kutembea kufanya nini?" Kutembea tu, mama, kuona nchi. Kanyamaza. Halafu wifi mdogo akadakia kutoka sebuleni: "Waache, mama, wanaficha ili tusiwaombe."

DEO: Mimi namtetea mama. Mtanzania anakwenda China kufanya nini? Anatua Guangzhou, anazunguka masoko, akijitutumua anafika soko la jumla la Yiwu, anapimiwa CBM zake, yaani ujazo wa mzigo, anarudi Kariakoo kusubiri meli. Hiyo ndiyo China tunayoijua. Wewe umekwenda na mume na mashanta mawili kama wanajeshi.

ZUHURA: Hata kule kule ilikuwa hivyo. Pale Xiaobei, ule mtaa wa Waafrika Guangzhou, tulikutana na dada wa kwetu, wakala wa mizigo. Katupokea vizuri, kauliza, "Mnatafuta nini? Nguo au vifaa vya simu?" Mume wangu akajibu, "Tunatafuta treni ya Xi'an." Yule dada alicheka mpaka akakaa chini.

DEO: Na hamkuleta kitu?

ZUHURA: Tumeleta chupa ya chai.

DEO: Subiri. Mmeenda China, mkarudi na chupa ya chai? Kila nyumba Tanzania ina chupa ya chai ya Mchina! Bibi yangu alikuwa nayo yenye maua mekundu, kizibo cha koki, mimi nimeikuta imeshazeeka.

ZUHURA: Sikiliza basi. Tumepanda treni ya kawaida, si ile ya kasi, kwa sababu tulitaka kulala humo, tuokoe pesa ya hoteli. Vitanda ni ngazi tatu, sita kwenye kila kijichumba, na hakina mlango. Cha chini ghali, cha juu rahisi. Sisi tulipata vya juu vyote viwili, tunatazamana dari ikiwa puani, kukaa huwezi. Saa nne usiku taa zinazimwa, hawakuulizi.

DEO: Fungate hilo.

ZUHURA: Sasa mwisho wa kila behewa kuna mtambo wa maji yanayochemka. Bure. Na kila abiria, mzee, kijana, askari, ana chupa yake. Wanapanga foleni, wanajaza, wengine wanatia majani ya chai, wengine wanakunywa yenyewe hivyo hivyo. Maji ya moto matupu! Sisi tuna chupa zetu za plastiki za dukani. Tumekinga, plastiki imejikunja mkononi. Bibi mmoja wa kitanda cha chini kamwangalia mume wangu kwa huruma, kampa kikombe chake cha bati.

DEO: Ngoja nikuingilie, hapa nilisoma. Hiyo ya maji ya moto si mila tu ya kale. Kale walikuwepo waliokunywa moto kwa sababu za tiba yao, ndiyo, lakini kuni na makaa vilikuwa gharama, si kila mtu aliweza. Mwaka 1934 Chiang Kai-shek, kiongozi wa China kabla ya wakomunisti, alianzisha kampeni yake ya Maisha Mapya, na humo maji ya kuchemsha yalihimizwa. Halafu mwaka 1952 serikali ya kikomunisti ikaja na kampeni kubwa ya afya, maradhi ya kuambukiza yalikuwa yanaua watu. Mashuleni, viwandani, vyuoni, wakaweka vyumba vya kuchemshia maji. Ndiyo maana chupa ya chai ikawa kitu cha kila nyumba.

ZUHURA: Umesoma haya lini?

DEO: Ulipokuwa unanitumia picha za theluji nami niko kwenye foleni ya Mbezi.

ZUHURA: Basi maliza, maana mimi nimeyaishi. Mgahawani ukikaa, unaletewa maji ya moto. Ukiomba ya baridi, mhudumu anamwangalia mwenzako, kama vile anauliza huyu mgonjwa? Januari hiyo! Nilikohoa mara moja hotelini Beijing, mama wa mapokezi akaniambia kupitia programu ya kutafsiri kwenye simu: kunywa maji ya moto. Mume wangu aliumwa mgongo: maji ya moto. Tulikosea basi tukachelewa, tukamweleza kijana mmoja kituoni: kunyweni kwanza maji ya moto.

DEO: [anacheka] Basi limeondoka, kunywa maji ya moto.

ZUHURA: Na unajua nini? Inasaidia! Siku ya tatu nikanunua chupa ya chuma, nikawa mimi ndiye nampangia mume foleni. Hiyo ndiyo iliyokuja nyumbani. Mama mkwe kaishika, kaigeuza, katafuta maandishi chini. "Made in China." Akaniambia, "Hii hata Mwenge ipo."

DEO: Ipo.

ZUHURA: Najua ipo, Deo.

DEO: Turudi kwenye karatasi. Funzo la kwanza...

ZUHURA: Lakini bado hujaniuliza baridi. Maji ya moto huwezi kuyaelewa bila baridi, na baridi ya China si ile watu wanayofikiri. Sisi tulifungasha makoti kwa ajili ya Beijing, tukasema tukishuka kusini tutapumua. Kumbe! Beijing tulilala na fulana. Kuna mabomba ya chuma ukutani, maji ya moto yanapita nyumba nzima, mji mzima, kuanzia tarehe 15 Novemba mpaka 15 Machi. Nje unaganda, ndani unatoka jasho. Tumeshuka Chongqing, nje nyuzi nane, nikasema hii Lushoto tu. Tumeingia chumbani: ndani nako nyuzi nane.

DEO: Huo ni mstari wa Huai. Mto Huai na milima ya Qinling. Kaskazini ya mstari serikali inapasha nyumba joto, kusini kila mtu na lwake. Uliwekwa miaka ya hamsini, hapakuwa na makaa ya kutosha nchi nzima. Na usiwaonee wivu wa kaskazini: watafiti walitoa hesabu mwaka 2013 kwamba moshi wa yale makaa ulikuwa umewapunguzia umri kwa zaidi ya miaka mitano wakilinganishwa na wa kusini.

ZUHURA: Sawa, mimi siongelei umri, naongelea usiku ule. Mgahawani watu wanakula na makoti. Mwenye nyumba ya wageni kavaa koti la pamba ndani, na milango kaacha wazi, hewa ipite! Kuna kiyoyozi kinachotoa hewa moto juu ya dari, miguu inabaki barafu. Tulilala na chupa ya maji ya moto katikati ya kitanda. Ndoa nzima ilihamia kwenye chupa.

DEO: Kipindi kizima kimehamia kwenye chupa. Dakika zinakwenda. Xi'an?

ZUHURA: Xi'an ndipo nilipotulia. Wale askari wa udongo, yale masanamu ya kale, tuliwaona, ndiyo, wale waliogunduliwa na wakulima waliokuwa wanachimba kisima mwaka 1974, ila watalii wengi mno, nikachoka. Ila mtaa wa Waislamu, Deo! Vibao vimeandikwa halali kwa Kiarabu na kwa Kichina, qingzhen, harufu ya kondoo na bizari. Na Msikiti Mkuu wao huwezi kujua ni msikiti mpaka uingie. Nyua, mabustani, paa zimepinda juu kama za mahekalu, na mnara wenyewe ni pagoda. Wanasema chimbuko lake ni mwaka 742, na majengo yalivyo sasa yalianza 1392. Mume wangu aliswali Adhuhuri na wazee wenye kofia nyeupe. Salamu ikajibiwa "Wa alaikum salaam." Baada ya siku zote za kuongea kwa vidole na simu, alitoka mle macho mekundu.

DEO: Hapo shemeji nampa mkono. Na chakula?

ZUHURA: Kuna bakuli wanaita paomo. Unapewa mkate mgumu, unauvunja mwenyewe vipande vidogo vidogo, halafu wanaumwagia supu ya kondoo. Sisi tulivunja makubwa. Mpishi akaturudishia bakuli, tuvunje tena.

DEO: Sasa swali langu la kweli. Zile picha za Harbin. Wewe peke yako. Shemeji simwoni.

ZUHURA: Alibaki Beijing.

DEO: Alibaki?

ZUHURA: Alisema yeye ni mtu wa Tanga, nyuzi 25 chini ya sifuri hazimhusu. Mimi toka nikiwa mtoto nataka kuona ule mji wa barafu. Wanakata mabonge mto Songhua ukishaganda, wanajenga majumba marefu, taa zinawaka ndani ya barafu yenyewe. Simu inazima mfukoni kwa baridi, kope zinaganda, na watu wanakula aisikrimu barabarani! Treni ya kasi kutoka Beijing ni saa tano na kitu. Nikaenda.

DEO: Dada, hapo sikubaliani na wewe.

ZUHURA: Nilijua.

DEO: Hapana, sikiliza. Mko ugenini, lugha hamna, WhatsApp haifunguki bila VPN, ile programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, wewe unaanguka kwenye barafu huko, nani anamwambia mumeo? Safari ya wawili ni kuchukuliana. Ama mnakwenda wote, ama mnabaki wote. Mkianza huyu huku yule kule, hiyo si safari ya wawili, ni watu wawili wenye tiketi ya siku moja.

ZUHURA: Mimi nilikuwa na laini, ana laini, tuna WeChat, ile WhatsApp yao, tunaongea kila jioni. Na yeye Beijing alifurahi! Alizunguka vichochoro vya zamani, alicheza drafti na wazee kwa ishara. Tungekwenda wote, angenuna njia nzima. Tungebaki wote, ningenuna mimi mpaka leo.

DEO: Kununa kunaisha.

ZUHURA: Kwa nani?

DEO: Mimi na mke wangu kila Desemba tunakwenda Moshi. Wote. Hata mwaka nauli ilipopanda, hata mwaka tulipokosa basi tukasimama Shekilango mpaka usiku. Hatujawahi kusema wewe nenda mimi nabaki.

ZUHURA: Mkeo anatoka Mtwara.

DEO: Ndiyo.

ZUHURA: Na kila Desemba Moshi.

DEO: Usiingize hilo.

ZUHURA: Umeliingiza wewe! Mimi nauliza tu, huko kuchukuliana, nani huwa anamchukua nani? Mwaka gani mmekwenda Mtwara?

DEO: Mtwara tunakwenda Juni.

ZUHURA: Mmekwenda?

DEO: Tunapanga... Zuhura, hoja yangu ni usalama na ni ndoa. Mwenza si mtu wa kushirikiana naye bili ya chumba. Ukiona jambo kubwa la maisha yako, ule mji wa barafu, na mtu wako hayupo pembeni, umeona nusu.

ZUHURA: Nimeona lote. Na nimemsimulia, akacheka mpaka saa saba usiku, chupa katikati. Mimi naona kinyume chako: ukimlazimisha mtu asimame kwenye baridi asiyoitaka ili picha iwe na watu wawili, hapo ndipo umebaki peke yako.

DEO: Sikubali.

ZUHURA: Usikubali.

DEO: Sikubali, na shemeji nitamuuliza mwenyewe.

ZUHURA: Muulize. Atakwambia alikula bata Beijing bila mimi kumhesabia pesa.

[kimya kifupi]

DEO: Haya. Fundi wetu ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili, mafunzo matano.

ZUHURA: Soma haraka.

DEO: La kwanza: Alipay, programu yao ya kulipia kwa simu, ipakue na uiunganishe na kadi yako ukiwa bado Dar, maana hata muuza viazi vya kuchoma anataka umskani, noti anaziangalia tu. La pili: pasipoti ndiyo tiketi yako ya treni, mashine nyingi za getini ni za vitambulisho vyao, ikikukataa pita kwa mhudumu. La tatu... hili refu. Msichelewe kusafiri mpaka mwezi wa pili, kwa sababu ya Mwaka Mpya wao...

ZUHURA: Chunyun! Siku arobaini, kila mtu anarudi kwao, ni Moshi ya nchi nzima. Mwaka 2026 sikukuu ilikuwa tarehe 17 Februari, heka heka ilianza mapema Februari. Tiketi zinafunguliwa siku 15 kabla, zinaisha ukipepesa macho. Sisi tulitoka kabla.

DEO: Umenimalizia muda wa la nne.

ZUHURA: La nne lilikuwa nini?

DEO: "Kaeni pamoja muda wote."

ZUHURA: Lifute.

DEO: Silifuti. Wasikilizaji, tuma sauti zenu, mseme nani...

ZUHURA: Wanawake wa Mtwara hasa, tumeni.

DEO: Fundi, zima.